Leseni ya dawa za jumla haivuki mpaka: mambo ya kujua kabla ya kupakia

Mfanyabiashara anayepeleka mchele, vitenge au sabuni kutoka nchi moja ya Afrika Mashariki kwenda nyingine amezoea hesabu moja: bei ya huku, bei ya kule, nauli ya lori, malipo ya wakala wa forodha na ushuru. Faida ikibaki, anapakia. Hesabu hiyo ikipelekwa kwenye dawa za binadamu, hasa zile zinazotolewa kwa cheti cha daktari, inavunjika mapema sana, na mara nyingi anayegundua hivyo ni dereva aliyekwishafika mpakani na katoni zake.

Katika biashara ya dawa za jumla, leseni haimfuati mwenye nayo popote aendapo, wala haifuati mzigo. Imefungwa kwenye jengo fulani, chini ya mfamasia fulani, ndani ya nchi fulani. Muuzaji wa jumla mwenye leseni halali kabisa Nairobi ni mtu wa kawaida tu mbele ya mkaguzi wa upande wa Tanzania pale Namanga, na mwenye leseni ya Arusha naye ni hivyo hivyo akishaingia Kajiado. Juu ya leseni hiyo kuna ruhusa nyingine mbili zinazojitegemea: usajili wa dawa yenyewe, na kibali cha shehena husika. Moja ikikosekana, zile nyingine hazisaidii kitu.

Ushuru sifuri si ruhusa

Wengi hujikwaa kwenye ushuru. Katika viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, dawa zilizotengenezwa tayari kwa matumizi ziko kwa sehemu kubwa kwenye kundi la asilimia sifuri. Mfanyabiashara akiambiwa hivyo na wakala wake hudhani njia ni nyeupe. Lakini ushuru ni jambo la TRA, KRA au URA, ilhali ruhusa ya dawa iko kwa mamlaka nyingine kabisa, yenye sheria yake na wakaguzi wake. Ofisa wa forodha anaweza kukubali kwamba hudaiwi hata senti moja na bado asikuruhusu kuondoka, kwa sababu kibali cha mamlaka ya dawa hakionekani kwenye mfumo.

Hali kadhalika utaratibu wa biashara ndogo ndogo. Mfanyabiashara mwenye bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi Dola 2,000 za Marekani anaweza kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani. Utaratibu huo umewasaidia sana akina mama wa Busia na Sirari wanaouza nafaka na bidhaa za nyumbani. Haukuondoa vibali vya afya. Boksi moja la dawa za kuua vijidudu lililochomekwa kati ya marobota ya mitumba linahesabiwa kama dawa, hata kama thamani yake haifiki Dola 100.

Ukali huu una historia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya 10 ni bandia au haikidhi viwango. Mwaka 2009 nchini Tanzania dawa ya malaria iliyokuwa ikijulikana na kila mtu, Metakelfin, ilikutwa katika maduka 40 ikiwa ya bandia na yenye upungufu wa kiini kinachotibu. Kati ya 2008 na 2010 polisi wa kimataifa, Interpol, waliendesha na nchi za eneo hili misako iliyoitwa Mamba, ikianzia Tanzania na Uganda na kuishia katika nchi zote tano zilizokuwa wanachama wakati huo. Dawa bandia haiingii hospitalini kwa miguu yake. Inapita kwenye stoo ya mtu na kwenye lori la mtu, na ndiyo maana sheria inamkazia macho muuzaji wa jumla kuliko mwingine yeyote katika mnyororo.

Nani anatoa nini

Tanzania Bara kuna milango miwili, na wageni huchanganyikiwa hapo. Baraza la Famasi, lililoundwa upya kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linaloshughulika na wanataaluma na majengo: linasajili wafamasia, na linatoa kibali cha famasi ya jumla, famasi ya rejareja na duka la dawa muhimu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inashughulika na dawa zenyewe: usajili, vibali vya kuingiza na kutoa nchini, ukaguzi wa mipakani na ufuatiliaji sokoni. Hadi mwaka 2019 mamlaka hiyo ilikuwa ikiitwa TFDA. Mwaka huo masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa TBS na jina likabadilika, kwa hiyo hati ya zamani yenye nembo ya TFDA isimpe mtu matumaini. Mamlaka hii si ya kubezwa, kwani Desemba 2018, ikiwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti.

Zanzibar ina mamlaka yake, ZFDA. Mwenye famasi ya jumla Dar es Salaam anayepeleka dawa Unguja kwa boti anaondoka kwenye udhibiti wa TMDA na kuingia kwenye udhibiti mwingine, ingawa hajatoka katika Jamhuri ya Muungano. Hili linawashangaza hata Watanzania wenyewe.

Kenya kazi zote mbili ziko chini ya paa moja, Bodi ya Famasia na Sumu (PPB), kwa sheria ya Sura ya 244 ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957. Bodi inasajili jengo na mfamasia, inatoa leseni ya muuzaji wa jumla, inasajili dawa na kutoa vibali vya kuingiza, ambavyo huombwa kupitia mfumo wa dirisha moja wa biashara. Uganda ni Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa (NDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Rwanda ilianzisha mamlaka yake ya chakula na dawa kwa sheria ya mwaka 2018. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, ina ACOREP, na huko hati na maandishi ya kwenye boksi yanatarajiwa kuwa ya Kifaransa, jambo ambalo msafirishaji wa Dar es Salaam au Mombasa hulikumbuka akiwa tayari njiani.

Jengo, friji na mfamasia

Masharti ya leseni ya jumla yanatofautiana kwa maneno kutoka nchi hadi nchi, lakini ukiyaweka pamoja yanataka mambo yanayofanana, kwa sababu yote yanachota kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uhifadhi na usambazaji bora wa dawa, ambayo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2020.

Mkaguzi huangalia jengo kwanza. Liwe la kudumu, lisivuje, lisiungane na makazi ya watu, liwe na dari na hewa ya kutosha. Katoni zisikae sakafuni wala zisiegemee ukuta, ziwe juu ya mapaleti. Kipimajoto kiwepo na daftari la joto lijazwe kila siku. Dawa za kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 ziwe na friji yake, na friji hiyo isiwekewe soda za wafanyakazi (wakaguzi huziona mara nyingi kuliko mtu angetarajia). Pawe na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya dawa zilizorudishwa, zilizoharibika au zilizokwisha muda, na kabati la kufunga kwa ufunguo kwa ajili ya dawa zinazodhibitiwa.

Kisha kumbukumbu. Muuzaji wa jumla lazima aweze kuonyesha kila bechi ilinunuliwa kwa nani, lini, kiasi gani, na ikauzwa kwa nani. Ankara iliyoandikwa tu "dawa mchanganyiko" haina maana hapa. Mamlaka ikitangaza kwamba bechi fulani irudishwe, muuzaji anatakiwa ajue siku hiyo hiyo ni maduka gani aliyapelekea. Asiyeweza kujibu swali hilo hana mfumo wa dawa, ana stoo tu.

Mwisho ni mfamasia msimamizi, na hapa ndipo ujanja mwingi hufanyika. Sheria zinataka awepo mfamasia aliyesajiliwa katika nchi hiyo na anayewajibika kwa shughuli za kila siku. Katika nchi zote za eneo hili kuna tabia ya mwenye mtaji kukodi cheti cha mfamasia, kikatundikwa ukutani huku mwenyewe akifanya kazi mji mwingine. Kwa mwenye mtaji inaonekana ni nafuu. Lakini ukaguzi ukija na mfamasia hayupo, jengo linaweza kufungwa siku hiyo hiyo, na mzigo ulio njiani unakuwa hauna mpokeaji halali. Mfamasia naye anaweza kupoteza usajili wake. Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana: mfamasia wa kweli ndiye angemwambia mwenye mtaji kwamba dawa anayotaka kuagiza haijasajiliwa.

Muuzaji wa jumla pia hachagui wateja kama apendavyo. Anatakiwa kuwauzia wenye leseni tu, na kwa kiwango cha leseni zao. Tanzania yale maduka yaliyokuwa yakiitwa ya dawa baridi yalianza kubadilishwa kuwa maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, mkoani Ruvuma, na yanaruhusiwa kuuza baadhi tu ya dawa za cheti, zilizo kwenye orodha maalumu. Muuzaji wa jumla anayempa mwenye duka hilo sindano zisizo kwenye orodha ameshiriki kosa, hata kama alilipwa taslimu na risiti akatoa. Kuweka nakala ya leseni ya kila mteja kwenye faili ni kazi ya dakika mbili.

Safari ya katoni za amoksilini

Tuseme mwenye famasi ya jumla Arusha ameona amoksilini Nairobi kwa bei nzuri kuliko ya Dar es Salaam. Umbali ni mfupi, barabara ni ya lami, na Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, ambapo lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Anahitaji nini?

Kwanza, yeye mwenyewe awe na kibali cha Tanzania cha famasi ya jumla kinachomruhusu kuagiza dawa. Leseni ya muuzaji wa Nairobi inathibitisha tu kwamba dawa inatoka mahali halali.

Pili, amoksilini hiyo iwe imesajiliwa Tanzania. Si amoksilini kwa ujumla, ni hiyo: jina hilo la biashara, nguvu hiyo, umbo hilo, kutoka kiwanda hicho. Kiwanda kimoja cha India kinaweza kuwa kimesajili vidonge vyake Kenya na kisivisajili Tanzania, kwa sababu usajili una gharama na ada ya kila mwaka, na mwenye kiwanda hupima ukubwa wa soko. Hapa ndipo mizigo mingi hukwama. Mwenye duka anaona boksi lile lile analolijua, kumbe limetoka kiwanda cha pili cha kampuni ile ile, ambacho hakimo kwenye usajili.

Tatu, aombe kibali cha kuingiza shehena kabla ya kupakia, akiambatanisha ankara ya awali inayoonyesha jina la dawa, nguvu yake, ukubwa wa pakiti, mtengenezaji na kiasi, na alipe ada inayokokotolewa kwa thamani ya mzigo. Kibali hicho ni cha mzigo huo. Kikishatumika kimekwisha.

Nne, pale Namanga mkaguzi hafungui lori ili kuhesabu katoni tu. Analinganisha namba za bechi na tarehe za kuisha muda na zile zilizo kwenye hati. Muuzaji wa Nairobi akikosa bechi iliyoandikwa na kupakia nyingine "kwa sababu ni dawa ile ile", ametengeneza mzigo mwingine usio na kibali. Kwa macho ya mfanyabiashara wa mchele hilo ni jambo dogo. Kwa mdhibiti, bechi ndiyo kitambulisho cha dawa.

Tarehe yenyewe nayo ina mtego. Mamlaka hazikubali dawa iingie ikiwa imebakiza miezi michache, hivyo huweka asilimia ya chini ya uhai unaotakiwa kubaki siku ya kuingia. Kibali kikidai asilimia 60, dawa yenye uhai wa miezi 36 lazima iwe imebakiza karibu miezi 22. Yenye uhai wa miezi 24 ibakize zaidi ya miezi 14. Bei "nzuri" ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam mara nyingi ni bei ya mwenye stoo anayetaka kuondoa dawa zilizobakiza mwaka mmoja. Ndani ya nchi yake anaweza kuziuza kihalali. Nje ya mpaka haziuziki. Anayeona tofauti ya bei asiulize kwanza ameokoa kiasi gani, aulize tarehe.

Mzigo usio na kibali unazuiliwa, na dawa isiyosajiliwa kwa kawaida hairudi sokoni: inataifishwa au kuteketezwa kwa gharama za mwenyewe, pamoja na uwezekano wa kushtakiwa. Kwa famasi ya mji wa mpakani, shehena moja inaweza kuwa ndiyo mtaji wote wa mwaka.

Lori nalo linahusika

Wasafirishaji hupenda kusema kwamba wao wanabeba tu, mwenye mzigo ndiye anayejua kilichomo. Kwa dawa, kauli hiyo haiwafikishi mbali. Gari linalokutwa na dawa zisizo na hati linazuiliwa pamoja na mzigo, na siku linazokaa mpakani hakuna anayezilipa. Mkataba wa usafirishaji ambao hausemi nani anabeba gharama za lori kuzuiliwa kwa sababu ya vibali ni mkataba wa hasara kwa mwenye lori.

Kuna mambo ambayo dereva anaweza kuyaona mwenyewe bila kuwa na diploma ya famasi. Jina la mpokeaji kwenye kibali lilingane na lile la kwenye hati ya mzigo. Idadi ya katoni ilingane. Anwani ya kushushia iwe ni ile ya jengo lenye leseni, si nyumba ya mtu wala "utapigiwa simu ukifika". Simu hiyo ya mwisho ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Joto ni suala la pekee. Boksi lililoandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30" linapokaa ndani ya bodi ya bati iliyofungwa, likingoja foleni juani, linapata joto kali kuliko hilo. Baadhi ya dawa huvumilia, nyingine hazivumilii. Oksitosini, sindano inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto, na kwa macho haionekani imebadilika. Inaweza kuwa na usajili, kibali, leseni na ankara, ikafika kituo cha afya ikiwa maji matupu. Kinyume chake pia kipo: chanjo kama ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda, kwa hiyo kumwaga barafu nyingi si usalama. Anayebeba mizigo ya nyuzi 2 hadi 8 anahitaji gari la ubaridi au makasha yaliyoandaliwa na mwenye ujuzi, pamoja na kifaa cha kurekodi joto safari nzima. Mpokeaji makini atadai karatasi ya joto kabla ya kusaini.

Dawa hazipakiwi pamoja na viuatilifu vya shambani, mafuta ya taa, samaki au saruji. Katoni ikipotea au ikifunguliwa njiani iandikwe na itolewe taarifa, kwa sababu katoni iliyoibwa Salgaa au Chalinze haipotei duniani, inarudi sokoni kupitia mtu asiye na stoo wala friji.

Na mabasi. Vifurushi vya dawa vinavyotumwa kwa basi la usiku, vikiwekwa chini karibu na injini, bila jina la famasi ya kutuma wala ya kupokea, ni kawaida katika kila barabara kuu ya eneo hili. Ukawaida huo hauvifanyi halali, na vikikamatwa mpakani kondakta ndiye anayekutwa navyo mkononi.

Zile ambazo si suala la kibali tu

Kuna kundi la dawa ambalo mfanyabiashara mdogo afadhali asiliguse. Morfini, pethidini, diazepamu na nyingine za aina hiyo ziko chini ya mikataba ya kimataifa ya mwaka 1961 na 1971. Morfini na zile za kundi lake huvuka mpaka kwa hati mbili: nchi inayopokea hutoa idhini ya kuingiza, na kwa idhini hiyo nchi inayotuma hutoa idhini ya kusafirisha nje, kiasi kikiwa kimetajwa. Kwa diazepamu na wenzake nchi nyingi nazo hudai idhini maalumu. Zikikutwa bila hati hizo, kesi inaweza kuacha kuwa ya leseni ya dawa na kuwa ya dawa za kulevya, yenye dhamana ngumu na vifungo virefu, na dereva anaingia kwenye mashtaka pamoja na mwenye mzigo.

Jambo jingine la kuogopa ni dawa za serikali. Bohari ya Dawa (MSD) ya Tanzania, KEMSA ya Kenya na NMS ya Uganda zinaweka alama kwenye dawa za umma, na pakiti za Uganda zimeandikwa wazi kuwa haziuzwi. Bei yake mtaani ni ya chini sana kwa sababu zimeibwa. Mwenye leseni safi ya jumla akikutwa nazo hana maelezo yatakayoeleweka.

Je, Jumuiya haitaondoa haya?

Wafanyabiashara wengi wanasubiri siku ambayo leseni moja itatosha kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Mwaka 2012 nchi za Jumuiya zilizindua mjini Arusha mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa, na mengi yamefanyika: wataalamu wa nchi mbalimbali hupitia kwa pamoja maombi ya usajili na kukagua viwanda pamoja. Mwenye kiwanda amepata nafuu. Lakini baada ya tathmini hiyo ya pamoja, kila nchi bado hutoa cheti chake cha usajili, na leseni ya muuzaji wa jumla haikuguswa. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kufanya kazi Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, nao hautoi leseni za stoo za jumla.

Mfano wa Marekani unafaa kuangaliwa na anayesubiri. Nchi moja, mamlaka moja ya kusajili dawa, FDA, na lori linavuka kutoka jimbo hadi jimbo bila kuona ofisa wa forodha. Hata hivyo leseni ya muuzaji wa dawa za jumla hutolewa na jimbo, na anayepeleka dawa katika majimbo mengine hujikuta akiomba leseni huko pia, jimbo baada ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 ilitaka kila muuzaji wa jumla awe na leseni ya jimbo kwa masharti ya chini yanayofanana. Sheria ya mwaka 2013 ikaenda mbali zaidi kwa kutaka kiwango kimoja cha kitaifa: dhamana ya Dola 100,000, au Dola 25,000 kwa mwenye mapato yasiyozidi Dola milioni 10 kwa mwaka, na kumbukumbu za kila muamala wa dawa kutunzwa kwa miaka 6. Rasimu ya kanuni za kina za leseni hiyo ilitangazwa Februari 2022, miaka zaidi ya minane baada ya sheria kusainiwa. Ikiwa nchi moja yenye bunge moja inakwenda kwa mwendo huo, Jumuiya yenye mabunge mengi haitafika kesho.

Malalamiko ya wafanyabiashara hayakosi ukweli. Ada zinalipwa mara mbili kwa dawa ambayo imekaguliwa na wataalamu wale wale, na mlundikano wa mamlaka unapandisha bei anayolipa mgonjwa. Tanzania yenyewe ilikiri hivyo ilipoandaa mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara mwaka 2018. Usajili wa pamoja ni dai la haki. Lakini ukaguzi wa stoo na mfamasia hauwezi kufanywa kwa mbali, na anayeuita kikwazo cha biashara kisicho cha kiforodha atapata shida kumshawishi waziri yeyote wa afya.

Tofauti ya bei inayovutia watu kuvuka mpaka nayo inaelezeka kwa njia hii. Sehemu yake ni sarafu na ushindani, lakini sehemu kubwa ni gharama ya mnyororo huu wote: usajili, ada, friji, mfamasia. Anayeiona kama faida inayongoja kuokotwa anahesabu bila kuzijumlisha. Akizijumlisha, mara nyingi anakuta ni nafuu kununua kwa mwagizaji wa nchi yake mwenyewe.

Kwa anayeamua kuendelea, habari za msingi hazifichwi. TMDA, PPB na NDA zimeweka kwenye tovuti zao orodha za dawa zilizosajiliwa, na leseni ya famasi inaweza kuhakikiwa kwa aliyeitoa. Kutafuta jina la dawa, nguvu yake na kiwanda kwenye orodha hiyo kabla ya kulipa chochote ni hatua isiyo na gharama. Picha ya leseni iliyotumwa kwa simu haitoshi. Namba yake ihakikiwe na tarehe yake isomwe.

Tarehe hiyo ina uzito wake mwishoni mwa mwaka. Leseni za Kenya chini ya Sura ya 244 hufikia kikomo tarehe 31 Desemba, hata kama ilitolewa Oktoba. Nchi nyingine zina kalenda zao. Mzigo ulioagizwa Novemba kwa leseni hai unaweza kufika katikati ya Januari wakati mpokeaji bado anasubiri kuhuishwa leseni yake, na hapo lori litasimama mpakani likiwa na hati zote isipokuwa hiyo moja.